Kwa nini pesa za kampuni changa hazivuki mpaka Wete?

Swali la msomaji: "Assalamu alaykum. Niko Wete, Pemba. Mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ndogo ya programu ya simu inayoweka hesabu za mwani: nani kaleta kilo ngapi, za aina ya spinosum au cottonii, kalipwa lini. Vikundi kumi na moja vya akina mama vinaitumia. Mwaka wa pili huu natafuta wawekezaji. Wa Dar es Salaam ananiambia nihamie Dar. Wa Nairobi yuko tayari kutoa dola 25,000 kwa asilimia 10 ya kampuni, ila tukakae kwake miezi mitatu. Rafiki yangu wa Unguja anasema niandikishe Fumba, mwengine anasema Delaware, Marekani. Kwa nini pesa hizi hazifiki Pemba, na mimi nihamie wapi?"

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Umetia maswali mawili gunia moja, kama karafuu na makonyo. Nitayachambua. La kwanza, kwa nini pesa haziji, nitalijibu kwa urefu, kwa sababu jibu la la pili limo ndani yake.

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika mfuko mmoja wa uwekezaji Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kusoma maombi ya watu kama wewe na kuandika kurasa mbili: tuendelee au tuache. Siku moja likaja ombi kutoka Pemba, na kwa sababu zinazoeleweka nikalisoma mara mbili. Niliandika tuendelee. Mkuu wangu aliuliza jambo moja tu: kufika huko ni siku ngapi? Nikahesabu kwa vidole. Ndege mpaka Unguja, kulala, asubuhi ndege ndogo mpaka Chake Chake, gari, na kurudi vivyo hivyo. Siku tatu. Akasema kwa siku tatu ataonana na kampuni kumi na tano bila kutoka mtaa wa Kilimani. Faili likafungwa pale pale. Wakati ule nilimlaumu sana. Sasa namlaumu nusu.

Sababu ya ile nusu nyengine ni aina ya pesa yenyewe. Wengi huuchanganya mtaji wa ubia na mkopo. Benki ikikukopesha inataka hati ya nyumba, kisha inataka rejesho kila mwezi. Mtaji wa ubia hautaki rehani wala rejesho. Mwenye pesa ananunua sehemu ya kampuni ambayo bado haina faida, pengine hata mauzo hayajasimama, halafu anangoja miaka saba au minane mpaka inunuliwe na kubwa zaidi, au hisa zake ziuzwe sokoni. Hapo ndipo anapotoka na chake. Kampuni ikifa, inakufa na pesa zake. Sasa mtu asiyeshika rehani lazima ashike kitu chengine, na anachokishika ni kukujua. Nani kakutaja kwake? Umewahi kufanya kazi na nani? Mambo yakikuharibikia utampigia simu, au utaizima yako? Habari za namna hiyo haziandikwi kwenye ombi. Mtu huzipata kwa kukaa karibu, kunywa chai na watu, kusikia jina moja likitajwa na watu watatu wasiojuana.

Hata Marekani, ambako biashara hii ilianza kuwa na sura ya taasisi mwaka 1946 kwa kampuni ya ARDC ya Boston, mambo ni hayo hayo. Wawekezaji wa Sand Hill Road kule California walikuwa na kanuni ya mdomoni: kampuni iliyo mbali zaidi ya dakika ishirini kwa gari, iache. Nchi kubwa namna ile, na zaidi ya nusu ya ofisi za mifuko hiyo zimejazana katika pande tatu, za San Francisco, Boston na New York. La kuchekesha ni kwamba watafiti walipopima matokeo waliona mifuko ya miji hiyo ilifaulu zaidi katika kampuni za mbali kuliko za jirani. Hilo halina muujiza. Wa jirani huingia kwa mazoea. Wa mbali huchujwa kwa chekecheke la tundu ndogo, na anayepita ni mzuri kweli kweli. Lishike hilo, maana ndilo linaloeleza kwa nini unahisi unadaiwa ushahidi mara mbili kuliko kijana wa Nairobi. Unadaiwa kweli.

Na haya kwetu si mageni. Ukishuka botini Malindi, unapita mbele ya lile jengo la roshani za mbao zilizochongwa tunaloliita Zahanati ya Zamani. Alianza kulijenga Taria Topan mwaka 1887. Mali yake ilitoka, kwa sehemu, katika mtaji unaokaribiana na huu, ingawa wao waliutoa kwa mkopo. Karne ya 19 mtaji wa kubahatisha wa Afrika Mashariki ulikaa Mji Mkongwe. Wakina Taria Topan, na kabla yake Jairam Shivji aliyekodi forodha ya Sultani, walitoa nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba kwa wenye misafara, na misafara ikaingia bara mpaka Tabora, Ujiji na Manyema, mwaka mmoja au zaidi, kutafuta pembe za ndovu. Tusifiche, na watumwa pia. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip mwenyewe, alikuwa akikopa kwa Taria Topan.

Mkopeshaji hakwenda Ujiji. Hakuwa na haja. Alikaa pale ambapo pembe lazima ziletwe ziuzwe, na alimjua mkopaji, ukoo wake na msikiti wake. Aliyeshindwa kulipa mara nyingi alibaki huko huko bara, asithubutu kuuona mji tena. Na pesa za mkopeshaji nazo zilikuwa na kwao: nyumba ya Jairam ilitoka Kutch kule India, na njia zake zilifika Bombay. Kwa hiyo mnyororo ulikuwa Bombay, Unguja, Ujiji. Leo ni London au New York, Nairobi, kisha kwengine. Wakati ule sisi ndio tuliokuwa Nairobi. Ujiji ndiyo iliyokuwa Wete.

Ramani ya leo utaielewa kwa hesabu chache. Mwaka 2024 kampuni changa za Afrika nzima zilipata kati ya dola bilioni 2 na bilioni 3 na kidogo, kutegemea nani anahesabu na kama mikopo imo. Nchi nne, yaani Kenya, Nigeria, Misri na Afrika Kusini, zilichukua fungu kubwa mno, kwa baadhi ya hesabu zaidi ya nne kwa tano. Nchi nyengine hamsini zikagombania ukoko. Na ndani ya hizo nne usidhani pesa zimetapakaa. Nigeria maana yake Lagos, si Kano. Misri maana yake Cairo. Ukenda mbali zaidi ni vile vile: Brazil utaikuta São Paulo, Indonesia utaikuta Jakarta, na India pamoja na ukubwa wake pesa zinazunguka Bengaluru, Delhi na Mumbai.

Mfano unaonigusa mimi ni Mombasa. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua Mombasa. Zilitokeza pale, kwenye mji wa bandari wenye watu wengi na wafanyabiashara wa karne na karne. Tungefikiri kampuni za intaneti zingeota pale pale kama uyoga. Waya ukapita, ukapanda bara kilomita mia nne na zaidi, na pesa zikakaa Nairobi. Kwa sababu Nairobi ndiko kulikuwa na ofisi za Umoja wa Mataifa, makao ya kikanda ya makampuni ya kigeni, ndege za moja kwa moja, na Safaricom iliyokwishaanzisha M-Pesa mwaka 2007. Mwaka 2010 ikafunguliwa iHub, mahali pa vijana kukaa na kompyuta zao, na wageni wenye pesa wakapata pa kwenda kuwaona wote kwa mchana mmoja. Kwa hiyo anayekwambia Pemba tukipata intaneti ya kasi wawekezaji watamiminika, muulize habari za Mombasa.

Nchi ikiwa changa, mrundikano huwa mkali zaidi. Marekani ukikosa Boston kuna mji mwengine wenye mawakili wa kazi hii. Huku kwetu mwanasheria anayejua kuandika mkataba wa hisa wa namna hii, mhasibu ambaye hesabu zake zinaaminiwa ng'ambo, mfanyakazi aliyewahi kuikuza kampuni kutoka watu watano mpaka mia, na mwekezaji wa pili wa kukupokea wa kwanza akichoka, wote wanne unaweza kuwakuta katika mji mmoja tu, na mara nyingi katika mtaa mmoja. Pesa zenyewe, tena, kwa sehemu kubwa si za Waafrika. Mifuko mingi ya huku hujazwa na taasisi za maendeleo za nje, kama IFC ya Benki ya Dunia, British International Investment ya Waingereza, FMO ya Waholanzi, Norfund ya Wanorway. Taasisi hizo hupenda kuweka ofisi Nairobi, na mwenye mfuko hukaa karibu na anayemjaza mfuko.

Na kuaminika kuna sura yake. Village Capital walichapisha mwaka 2017 uchunguzi kuhusu pesa za kampuni changa za Afrika Mashariki katika miaka miwili iliyotangulia, wakakuta karibu tisa kwa kumi zilikwenda kwa kampuni zenye walau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Kwa hiyo kuna umbali mwengine usiopimwa kwa kilomita. Mtoto wa Eastleigh anaishi Nairobi na bado yuko mbali na pesa za Nairobi kuliko kijana aliyeshuka juzi kutoka California. Nakwambia hili usije ukafunga mizigo ukidhani ni suala la nauli tu.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa uwe na subira, maana pengine ndiyo sehemu isiyopendeza.

Chukua mfuko mdogo wa dola milioni 20 unaonunua hisa katika kampuni ishirini. Mwenye mfuko anajua nusu zitakufa, nyengine zitarudisha kile kile kilichoingia, na moja au mbili ndizo zitakazolipia zote. Hajui ni ipi. Kwa hiyo kila anayoinunua lazima iwe na uwezo, walau kwa ndoto, wa kuurudisha mfuko mzima peke yake. Akiwa na asilimia 15 ya kampuni yako siku ya kuuza, kampuni lazima iuzwe kwa zaidi ya dola milioni 133 ili apate zile 20. Sasa tuseme Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, inatoa tani 15,000 za mwani mkavu kwa mwaka, na tuseme wewe unapata shilingi 50 kwa kila kilo inayopita kwenye programu yako, na tuseme hukukosa hata kilo moja. Hiyo ni shilingi milioni 750 kwa mwaka. Kwa dola ya shilingi 2,500, ni dola 300,000. Ni riziki njema, alhamdulillah. Inasomesha watoto na kulipa mishahara. Lakini hakuna atakayeinunua kwa milioni 133.

Kwa hiyo hata ungekuwa na ofisi mlango wa pili na mkuu wangu wa zamani, angekuuliza swali la pili baada ya lile la siku tatu: ukimaliza Zanzibar unakwenda wapi? Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 1.9 visiwani kote, Pemba ikiwa na 543,000 na kidogo. Mwekezaji huyu hatizami unapolala, anatizama soko lako linaishia wapi. Likiishia Mkoani, kusini mwa Pemba, kashamaliza.

Tazama NALA. Ilianza kama programu ya Watanzania kutumia pesa za simu. Kisha ikageukia kuwahudumia walioko Uingereza na Marekani wanaotuma pesa nyumbani, na mwaka 2024 ikapata dola milioni 40. Au Ramani ya Dar es Salaam, iliyopata milioni 32 mwaka 2022: hiyo inashughulika na wasambazaji wa bidhaa za dukani, sabuni na unga na soda, soko ambalo halina mwisho. Zote zina asili ya Tanzania, nchi ambayo haimo katika zile nne. Aliyebadilisha wateja alibadilisha ukubwa wa kampuni yake.

Programu yako ina uwezo huo? Nadhani inao, na katika barua yako ndefu, niliyoifupisha hapo juu, umeuficha chini kabisa. Unachokijua si mwani. Unajua kupima na kulipa watu elfu wanaoleta kidogo kidogo, wasio na risiti, mahali penye mtandao wa kubahatisha. Mwenye korosho Mtwara anataka hilo. Vyama vya kahawa Kagera vinataka hilo. Na ukitaka kubaki baharini, wakulima wakubwa wa mwani wa aina hii duniani wako Indonesia na Ufilipino. Mbegu tuliyoanzia miaka ya themanini mwishoni ilitoka Ufilipino. Barua yako kwa wawekezaji, uliyoniambatishia, inasema "programu ya mwani Pemba". Mimi ningeiandika upya.

Sasa Fumba. Agosti 2022 Serikali ya Mapinduzi ilizindua mpango ulioitwa Silicon Zanzibar, kuyavutia makampuni ya teknolojia yaje kukaa Unguja: wepesi wa vibali vya kazi kwa wageni, na msamaha wa kodi kwa walioko katika eneo huru la uchumi la Fumba. Wasoko walikuwa mstari wa mbele. Kampuni hiyo ilianzia Kenya kwa jina la Sokowatch, na mwezi Machi mwaka huo ilikuwa imepata dola milioni 125. Agosti 2024 ikakamilisha kuungana na MaxAB ya Misri. Sisemi mpango ule ni mbaya. Mhandisi wa Nairobi au Lagos akiishi Fumba miaka mitatu, akanunua samaki wake Malindi na kufundisha vijana wawili wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hapo kuna kitu kimebaki. Ila angalia ulimlenga nani: aliyekuwa tayari na pesa na akikosa pa kuishi kwa raha. Wewe umegeuka upande wa pili. Una pa kuishi na huna pesa. Msamaha wa kodi ya faida haumsaidii asiye na faida bado, na anwani ya Fumba haimleti mwekezaji karibu na vigingi vyenu vya mwani. Kama tayari umesajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara wa Zanzibar, kaa hapo hapo.

Delaware ni habari nyengine, na huyo aliyekutajia hakukudanganya. Jimbo hilo dogo la Marekani lina mahakama maalumu ya mambo ya makampuni na sheria ambayo kila wakili wa uwekezaji anaijua kwa moyo. Mwekezaji wa ng'ambo hataki kujifunza sheria ya Zanzibar kwa ajili ya dola 200,000, wala kuelezwa kwamba usajili wa kampuni si jambo la Muungano, kwamba huku ni BPRA na bara ni BRELA, lakini kodi ya mapato ni ya TRA pande zote mbili. Nimeshuhudia mtu akielezwa hayo mezani. Aliomba chai ya pili. Ndiyo maana kampuni nyingi za Afrika zina mama wa karatasi Delaware na mtoto anayefanya kazi nyumbani, na mifuko mingi imeandikishwa Mauritius. Ada ya kila mwaka, mawakili wa pande mbili na mhasibu wa pande mbili ni gharama yako. Usiende Delaware mpaka kuna mtu amekwishasaini kwamba ataleta pesa akiona karatasi hiyo. Kabla ya hapo unanunua kanzu ya harusi na mchumba hujampata.

Niingize manung'uniko yangu hapa, halafu nirudi kwako. Pesa za hapa hapa zipo. Zimo kwenye viwanja vya Paje, kwenye majumba yanayopandishwa kila mwaka kwa ajili ya wageni, kwenye maghorofa. Mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ZSSF, umejenga Michenzani Mall, na jengo utaliona na kuligusa. Siulaumu, pesa za wastaafu haziwekwi kwenye bahati nasibu. Lakini Waisraeli mwaka 1993 serikali yao ilitenga dola milioni 100 kwa mpango wa Yozma, ikapeleka sehemu kubwa yake kwenye mifuko kumi hivi ya watu binafsi kwa sharti kila mmoja alete mshirika wa nje anayeijua kazi, na ikawapa haki ya kuinunua sehemu ya serikali kwa bei nafuu mambo yakienda vizuri. Walichokitafuta hasa ni huyo mshirika, akae, ajuane na watu. Hapa kwetu hata sehemu moja ya mia ya kiasi hicho ingetosha kumfanya mtu mmoja mwenye ujuzi ahamie na kuzeeka Unguja. Basi, nimemaliza kunung'unika.

Wewe unazo pesa za karibu kuliko unavyofikiri, na hazipo Nairobi. Nimekwambia mtaji huu hufuata kujuana. Sasa jiulize mtu wa Wete anajuana na nani. Huna mjomba Nairobi. Lakini nyumba gani Wete isiyokuwa na mtu Muscat, au Dubai, au London? Kwa ramani ya kujuana, Wete na Muscat ni pua na mdomo. Watu wale wanakujua ukoo wako, wanaijua bandari, wanajua bamvua ni nini, na ukiharibu watakupata kwa simu moja ya shangazi. Na mkataba wake hauhitaji kuubuni. Mudharaba unaijua: mmoja anatoa mali, mwengine anatoa kazi, faida inagawiwa kwa fungu lililokubaliwa tangu mwanzo, na hasara ya mali ni ya mwenye mali maadamu mfanyakazi hakuzembea wala kudanganya. Wakitaka wote mtie mali, ni musharaka. Kwa biashara yenye kikomo cha dola 300,000 kwa mwaka, hiyo ni pesa inayokaa vizuri mwilini. Haikudai uiuze kampuni mwaka wa nane. Watu sita wenye dola 5,000 kila mmoja ni 30,000, zaidi ya anazokupa yule wa Nairobi.

Sharti moja, tena kubwa: uandike. Wakili, saini, hesabu kila miezi mitatu, hata kama mwenye pesa ni kaka wa baba yako. Khasa akiwa kaka wa baba yako. Biashara nyingi za kwetu nilizoziona zikifa hazikufa kwa kukosa wateja, zilikufa kwa "si tunaaminiana".

Kuhusu ile ofa. Dola 25,000 kwa asilimia 10 ina maana kampuni yako inahesabiwa kuwa na thamani ya dola 250,000 baada ya pesa kuingia. Kwa vikundi kumi na moja si bei mbaya, lakini soma ndani. Je, ni 25,000 mkononi, au wanakata ada ya mafunzo na pango la ofisi kwanza? Nimeona mkataba ambao zilibaki 14,000. Je, kuna kifungu kinachowapa haki ya kuzuia mwekezaji mwengine? Na fikiria mbele: ukitoa 10 sasa, kisha asilimia 20 raundi ijayo, kisha 20 tena, nyinyi watatu mtabaki na asilimia 57 na kitu. Mtu wa nne akija na anataka 25, mmebaki wachache ndani ya nyumba mliyoijenga.

Ushauri wangu ni huu. Nenda Nairobi miezi mitatu, wewe peke yako, kama ofa inaruhusu mmoja aende. Na kama hairuhusu, waombe. Unakwenda kujulikana, maana hilo ndilo linalouzwa kule. Rudi na majina ya watu ishirini watakaopokea simu yako. Wenzako wabaki Wete na mizani. Usihamie, kwa sababu siku programu itakapokosea kilo tatu za mwanamke wa Micheweni, lazima awepo mtu wa kwenda kuzitafuta, na hao akina mama wa vikundi kumi na moja wakikuacha huna la kumwonesha mtu yeyote mahali popote. Dar nayo usiisahau. Ni saa mbili za boti kutoka Unguja, na wateja wako wa pili, wa korosho na kahawa, wako upande huo. Ningepanga safari ya Dar kila miezi miwili kabla ya kufikiria ofisi huko. Na kabla ya yote, wiki hii, mpigie mtu wako wa Muscat.

Jambo la mwisho, na usilifanyie mzaha. Kabla ya kusaini, mwambie yule wa Nairobi aje Pemba mara moja, siku tatu zile zile. Akikataa, umeshajua utakuwa nani kwake mambo yakiwa magumu. Akikubali, mtafutie tarehe za bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, maana akija maji mafu atasimama ufukweni akitizama bahari tupu na hataona hata kigingi. Aje na viatu vya kulowa. Na mpangie boti na ndege siku mbili tofauti, upepo wa kusi haujali tiketi ya mtu.